Sabuni Ilikataa Kutoa Povu

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri, nami nikatoka na kitambaa changu cha pamba kulifuta gari. Kazi hiyo naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Nikaanza na paa, nikashuka kwenye buti, nikazunguka hadi mlango wa dereva.

Hapo kidole kikakuta kitu. Kama punje ya mtama chini ya shuka.

Nikadhani ni uchafu, nikafuta tena. Haukutoka. Nikainama mpaka shavu likakaribia kugusa bati, nikautazama mlango kwa ubavu huku mwanga wa asubuhi ukipita juu yake, na nikaona kwamba punje haikuwa moja wala kumi. Mlango mzima, kuanzia chini ya kioo, ulikuwa umetoka vipele. Boneti nayo hivyo hivyo. Ile rangi ya kijani ambayo jana yake tu ungeweza kujitazamia kama kioo, sasa ilikuwa na ngozi ya mtoto mwenye harara.

Rangi ilikuwa na miezi minne.

Nimeanza makala hii mara nyingi tangu siku ile na kuifuta. Nilidhani nitaandika kuhusu rangi.

## Ujumbe

Kabla hata ya chai nilipiga picha nne na kumtumia fundi. Maneno niliyoandika ninayo bado kwenye simu, sikuyafuta: "Fundi, hii ndiyo kazi uliyonifanyia? Umepiga rangi juu ya kutu ukadhani sitajua."

Sikuishia hapo. Picha zilezile nikazipeleka kwenye kundi la walimu wenzangu, nikaandika: "Angalieni mafundi wetu." Walimu wakanipa pole. Mmoja wao alikuwa ameshapatana na fundi huyohuyo kuhusu Noah yake iliyochubuka ubavu. Kufika adhuhuri aliandika kwamba atatafuta gereji nyingine, na kwamba ananishukuru kwa kumwokoa.

Fundi alijibu saa kumi jioni. "Pole mwalimu. Kesho nitakuja nilione."

Nikaisoma ile "pole" kama kukiri kosa.

## Gari lenyewe

Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Wanaoijua hawahitaji kusimuliwa, na wasioijua watazame picha za mbio za magari za East African Safari za 1971, alipoibuka mshindi Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, au zile za 1973 alizoshinda Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Magari mekundu, boneti nyeusi ndefu, matope hadi juu ya paa. Chini ya boneti hiyo kuna injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo wazee wa huku nao wana kumbukumbu zake za kusimama kandokando ya barabara ya vumbi. Sidhani kama nimewahi kuegesha mahali nusu saa bila mzee mmoja kuja kuligusa.

Langu nililinunua kwa familia moja ya Upanga, Dar es Salaam. Lilikuwa limekaa miaka chini ya mti wa mkungu, tairi zimelala. Ugonjwa wa magari haya unajulikana: yanaoza sakafu, yanaoza chini ya betri, yanaoza chini ya milango na kwenye kona za madigadi ya nyuma. La kwangu lilikuwa na yote hayo na mkungu juu yake. Kwenye shingo ya gari, pale chini ya kioo cha mbele, majani yalikuwa yameziba mifereji ya kutolea maji na kugeuka mboji kabisa, nyeusi, yenye minyoo. Kila mvua iliyonyesha ilikuwa inatafuta njia nyingine ya kutoka, na njia ilikuwa sakafuni.

Fundi alikata sakafu ya upande wa dereva yote. Nilikaa kwenye ndoo nikimtazama akichomelea bati jipya. Anagusa hapa, anahama mkono mzima, anagusa kule, anarudi katikati. Bati la bodi halifiki milimita moja, na ukilichomelea mfululizo linajikunja kwa joto. Kushona tu mzunguko wa sakafu kulichukua siku mbili.

Nataka mjue jinsi anavyofanya kazi, kwa sababu kwenye ujumbe wangu nilimfanya mtu mwingine kabisa.

Anapotafuta bonde kwenye mlango haangalii. Anaweka kitambaa chepesi chini ya kiganja, anafumba macho, anapitisha mkono polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Kitambaa kinaondoa msuguano, mkono unabaki na umbo peke yake. Akihisi bonde anaweka alama ya chaki. Akishapiga puti ya kujazia bonde na kuikwangua, anapuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu yake, anapita na msasa juu ya ubao ulionyooka, na weusi unaobaki unamwonyesha mahali ambapo msasa haukufika. Hapo bado pana shimo. Anarudia. Niliwahi kumhesabia mlango mmoja akirudia mara saba, wakati mimi kuanzia mara ya tatu sikuwa naona tofauti yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme hapa, hata kama si la makala hii. Rangi hizi za kuchanganya na hadina, dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, zina kemikali iitwayo isosayaneti. Ikiingia mapafuni inaweza kuleta pumu, na mwili wa mtu ukishapata mzio nayo, kiasi kidogo tu kinatosha kumbana. Mafundi wetu wengi wanajifunga fulana mdomoni. Fulana haizuii chochote. Hata barakoa yenye vichujio vya makaa, niliyomnunulia fundi wangu, si kinga kamili kwa anayepuliza kila siku. Inayofaa hasa ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali na rangi. Kama unalipia rangi ya gari, ulizia na pumzi ya anayeipiga.

## "Haya yanakunywa maji"

Jumapili alifika kwetu Kunduchi saa nane mchana, jua la baada ya mvua linachoma. Nikampeleka moja kwa moja kwenye mlango.

Vipele havikuonekana.

Karibu nilie kwa hasira. Nilijua nilichokiona, na picha ninazo, lakini pale mlangoni palikuwa na alama hafifu tu ambazo ungesema ni vumbi. Yeye hakushangaa. Alipitisha kiganja, akafumba macho, akapitisha tena.

"Asubuhi yapo, mchana yanalala," akasema. "Haya yanakunywa maji, mwalimu."

Mimi nikasikia mtu anayetafuta pa kujifichia. Nikamwambia kwa sauti ambayo huwa naitumia darasani kwamba kutu haikuondolewa vizuri, kwamba puti imepigwa nene, na kwamba atalirudia kwa gharama zake. Alisikiliza yote. Kisha akaniaga kwa heshima na kupanda bajaji.

Kitu kikaanza kunisumbua usiku huohuo. Mtu aliyepiga rangi juu ya kutu kwa makusudi hatulii hivi. Angekana, angepandisha sauti, angelaumu duka la rangi. Huyu alikuwa amelitazama tatizo kama mtu anayejaribu kulikumbuka mahali alipolionea.

## Sumaku

Jumatatu nilitoka shuleni na sumaku ya maabara. Jaribio hili wauzaji wa magari wa mjini wanalijua: funika sumaku kwa karatasi laini usikwaruze rangi, ipitishe kwenye bodi. Puti si chuma. Ikiwa nene, sumaku inaanguka.

Nilizunguka gari lote. Kwenye kona ya digadi la nyuma ilishika kwa unyonge kidogo. Kwingine kote ilishika vizuri, na kwenye boneti ilinasa mpaka nikaivuta. Boneti haikuwa na puti kabisa, ilikuwa bati tupu chini ya praima, ule mpako wa kwanza, na rangi.

Na boneti ndiyo iliyokuwa na vipele vingi kuliko sehemu zote.

Hapo ndipo ningepaswa kuandika ujumbe wa pili. Sikuandika. Nilijiambia kwamba bado kuna kompresa, mashine ya kubana hewa ya kupulizia rangi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, kompresa ikiibana unyevu unageuka maji ndani ya tangi, na usipoyamwaga yanatoka na rangi. Lakini nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, kila asubuhi, akifungua koki ya chini ya tangi na kuacha maji yatoke mpaka hewa kavu ianze kupiga mluzi. Kijana wake alikuwa akitania kwamba kompresa inakojoa.

Nililijua hilo. Niliendelea kuitaja kompresa kwa wiki nzima, kwa kila aliyeniuliza.

## Michirizi

Mvua iliyofuata ilirudisha vipele. Safari hii nilichukua chaki na kuzungushia kila kimoja nilichokihisi, kuanzia paa hadi chini. Ilinichukua asubuhi nzima, na majirani walipita wakinitazama. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tano.

Paa lilikuwa safi. Buti safi. Digadi la nyuma la kushoto safi. Milango yote miwili, boneti na madigadi ya mbele vilikuwa vimejaa chaki.

Na chaki zenyewe hazikutawanyika ovyo. Kwenye mlango zilishuka. Mistari minne, mitano, inaanza karibu na kitasa, inateremka ikipinda kidogo kufuata tumbo la mlango, inakusanyika kwenye ukingo wa chini. Ilikuwa michirizi. Kitu kilikuwa kimetiririka juu ya mlango ule na kukaukia hapo kabla ya rangi.

Nikafungua picha za simu za mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza ya kuosha bati: paa, buti, digadi la nyuma. Siku ya pili maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaa mzima pale Tegeta, fundi amekaa, kijana wake ameenda kutafuta maji ya kununua. Siku ya tatu kuna picha niliyoipiga mwenyewe, kwa fahari. Madumu ya njano kumi na mawili, ya lita 20 kila moja, yamepangwa mbele ya gari.

Niliyaleta mimi. Kutoka kisima cha kwetu.

Nikakumbuka na sauti. Fundi alikuwa amemaliza kupaka dawa ya kutu, ambayo ni tindikali na lazima isuuzwe, akainua dumu, akauliza: "Mwalimu, maji haya ni ya wapi?"

"Ya kwetu, fundi. Masafi kabisa."

Akanawa mikono kwanza. Akasugua kipande cha sabuni, akasugua, akatazama viganja vyake. "Mbona sabuni inakataa povu?"

Nikacheka. Nikamwambia sabuni za siku hizi si za kweli.

## Vijisanduku

Aliyekulia pwani hapa hahitaji mwalimu wa kumwambia maana ya sabuni kukataa povu. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi. Sisi nyumbani hatuyanywi maji yale, hatupikii chai. Tunafulia kwa shida, tunadekia. Birika likichemshiwa maji hayo linapata gamba jeupe. Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado niliyaita masafi, kwa sababu kwa macho yalikuwa meupe pe.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kila mwaka nakata viazi mviringo vipande viwili, kimoja nakiweka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Baada ya muda naita mwanafunzi aje avikunje. Cha chumvi kimelegea kama ulimi, cha maji matupu kigumu kinataka kuvunjika. Maji huenda kwenye chumvi, nawaambia, yakipita kwenye utando unaoruhusu maji na kuzuia chumvi. Andikeni: osmosisi.

Rangi ya gari ni utando wa namna hiyo. Tunaiona kama ukuta, lakini molekuli za maji hupenya ndani yake polepole. Chumvi iliyokaukia chini yake haiwezi kutoka. Wakati wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna, chumvi ilikaa kimya. Masika yakaja, maji ya mvua, yasiyo na chumvi, yakalala juu ya rangi siku baada ya siku. Yakaitwa na chumvi iliyokuwa chini. Yakaingia, hayakuwa na pa kwenda, yakainua rangi. Jua la mchana likawaka, yakarudi nje kidogo, vipele vikalala.

Haya yanakunywa maji, mwalimu.

Nilitaka kuhakikisha, au labda nilitaka niwe nimekosea. Asubuhi moja ya mvua nilichoma lengelenge kubwa la boneti kwa sindano, nikavuta kile kimaji kwa bomba la sindano jembamba. Halikutoka hata tone kamili, ilibidi nichome matano. Nikakiweka kwenye slaidi ya kioo. Slaidi ya pili nikaweka tone la kisima chetu. Ya tatu, maji ya mvua niliyokinga kwenye bakuli uani. Nikazipeleka shuleni, nikaziacha dirishani zikauke wakati wa vipindi.

Ya mvua ilikauka ikabaki kioo. Zile mbili ziliacha duara jeupe, la lengelenge likiwa na umanjano wa kutu pembezoni.

Chini ya hadubini, chumvi ya kawaida ikikauka taratibu huonekana kama vijisanduku: pembe nne, kingo zimenyooka, vingine vimekaliana. Niliviona kwenye slaidi ya kisima. Nikabadilisha slaidi. Nikaviona kwenye ya lengelenge, vichache, katikati ya uchafu wa kutu, lakini ni vilevile.

Nilikaa na ile hadubini mpaka mlinzi akaja kufunga maabara.

## Chini ya mwarobaini

Gereji yake ni mwarobaini mmoja na mabati ya kuegemeza, Tegeta. Nilikwenda Jumamosi asubuhi bila kumpigia simu, maana nilijua nikipiga nitaanza kueleza mambo ya utando.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Akaniletea ile ndoo yangu ya kukalia.

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, sumaku, chaki, madumu, slaidi. Nilimwonyesha picha za vijisanduku kwenye simu. Nikamwomba radhi kwa ujumbe, na kwa maneno niliyomwambia nyumbani kwangu. Sikutaja kundi la walimu. Nilitaka kutaja, nikashindwa.

Alizitazama picha muda mrefu, akizikuza kwa vidole vyake viwili vyenye puti kavu.

"Mimi niliona," akasema. "Sabuni ilipokataa niliona. Nilitaka kusema tungoje bomba lirudi."

"Sasa mbona hukusema?"

Akarudisha simu.

"Wewe ni mwalimu. Ulisema masafi."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetoa sababu inayotosha, na kwake ilitosha. Mtu mzima, aliyeshika msasa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, alijua kwa viganja vyake kwamba maji yale hayafai. Akanyamaza, kwa sababu ya neno ambalo ananiita kila anaponisalimu, na ambalo mimi nalipenda kusikia.

Nimelifikiria jibu lake wiki zote hizi. Nimejaribu kulipunguza. Nimejiambia kwamba fundi naye ana wajibu wake, kwamba kazi ikiwa mikononi mwako unasema hata kama mteja ni waziri. Hilo nadhani ni kweli, na yeye mwenyewe alilikiri siku ile: "Na mimi ningesema." Lakini nikirudi kwenye ile siku ya madumu nasikia kicheko changu. Yeye alisema. Alisema kuhusu sabuni, kwa namna ambayo mtu mwenye adabu humwambia mtu anayemheshimu, kwa kuuliza. Mimi ndiye niliyefunga mazungumzo.

Nawaza wanafunzi wangu wangapi wameniambia jambo kwa kuniuliza.

Kuhusu Noah nilikuja kumwambia fundi wiki iliyofuata. Alikuwa analijua tayari. Mwalimu mwenzangu alikuwa amempigia simu siku ileile kuvunja makubaliano, na alimweleza sababu, na picha alimtumia. Kwa hiyo ile Jumapili alipokuja Kunduchi, aliposimama pale kwenye mlango nikimsomea makosa yake, alikuwa ameshapoteza kazi ya Noah na hakuitaja.

Nilimuuliza ilikuwa ya shilingi ngapi. Akasema yameshapita.

Niliandika kwenye kundi la walimu. Niliandika kwa kirefu, nikaweka na picha za slaidi. Watu wanne waliweka alama ya kidole gumba. Mwalimu mwenye Noah alijibu kwamba gari lake limeshapigwa rangi kwingine. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na majibu thelathini na saba.

## Maji ya mvua

Tunalirudia. Gharama ni zangu, ingawa alitaka kuchukua nusu ya ufundi; tulibishana kidogo na nikashinda, na hata hapo nilijiuliza kama nimeshinda kwa hoja au kwa uwalimu.

Milango, boneti na madigadi ya mbele yamekwanguliwa mpaka chuma. Chini ya kila mchirizi kulikuwa na vidoti vyeusi vya kutu, vidogo kama ncha ya kalamu. Hivyo ndivyo vigumu. Chumvi hujificha ndani ya vishimo hivyo, msasa unapita juu na kung'arisha pembezoni tu. Inabidi brashi ya waya, kisha maji, kisha brashi tena, kisha maji, na bati likaushwe papo hapo kabla halijashika umanjano. Praima ya epoksi ipigwe siku hiyohiyo. Hatuachi chuma kilale wazi usiku.

Maji tunayotumia ni ya mvua. Tangi la nyumbani lilijaa mwishoni mwa masika. Zile mvua za mwanzo tuliziacha zisafishe kwanza mabati, maana upepo wa bahari nao huleta chumvi juu ya paa. Mvua ileile iliyolitoa gari vipele ndiyo ninayoipakia sasa kwenye madumu kupeleka Tegeta. Kipupwe kimeingia, kusi inavuma, hewa imekauka kidogo. Fundi haanzi kupuliza kabla ya saa nne, umande ukishaondoka kwenye bati.

Rangi itakuwa kijani ileile. Ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, tuliikuta imebaki chini ya zulia. Najua wengi mnataka nyekundu na boneti nyeusi.

Slaidi zangu sasa zinakaa gereji, ndani ya kopo la maziwa. Kila tukimaliza kusuuza, kijana anakinga tone linalodondoka kutoka ukingo wa chini wa mlango, analiweka kwenye kioo na kukianika juu ya tofali. Likikauka bila duara, tunaendelea.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye mlango wa dereva. Tumeusuuza mara tatu, mgongo unaniuma, madumu yamebaki mawili. Tone la tatu likakauka. Nikakiinua kioo juani, nikakigeuzageuza. Kulikuwa na kivuli cha duara, chembamba sana, ambacho ungeweza kusema ni alama ya kidole.

"Limekwisha hili, fundi," nikasema. "Safi."

Akakichukua kioo mkononi mwangu. Akakitazama kwa ubavu, jinsi nilivyoutazama mlango asubuhi ile ya mwezi wa tano. Kijana wake alikuwa ameshaanza kufungua kopo la praima.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Bado."

Nikaenda kuleta dumu.